Tunabishania gari, umeme umepita kwa bodaboda

Mjadala wowote wa magari ya umeme huku kwetu haumalizi dakika tano kabla Tanesco haijatajwa. Anayeyatetea anaanza na Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Anayepinga anamuuliza kama Norway nako umeme unakatika saa mbili usiku, watu wanacheka, na aliyechekesha ndiye anayehesabiwa kushinda.

Nadhani hoja ya umeme inashindwa mapema kwa sababu hata watetezi wake wanaitetea pale ilipo dhaifu kuliko kote, yaani kwenye gari dogo la familia. Hapo petroli ina haki zake, na ni vizuri tukampa mwenye haki haki yake.

Gari la Mtanzania wa kawaida halitoki kiwandani. Linatoka Japani likiwa limeshatumika miaka mingi. Toyota IST ya 2005 yenye injini ya 1NZ inafunguliwa na fundi chini ya mwembe, spea zake zimejaa Gerezani, mpya na za mtumba, na injini ikifa kabisa inatafutwa nyingine, inafungwa, maisha yanaendelea. Nyuma ya gari hilo kuna mawakala wa bandarini, mafundi rangi, mafundi umeme wa magari, wauza matairi. Anayesema haya yote yatakwisha kwa sababu Ulaya imetunga sheria dhidi ya magari mapya ya petroli hajajiuliza Japani wanaendesha nini. Wajapani wenyewe wananunua magari ya umeme machache mno, wamezama kwenye haibridi, zenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Maana yake ni kwamba hata tungeyataka leo, kwenye mnada wa Japani hayapo ya kututosha.

Yaliyopo mengi ni Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Ukiwasha Leaf ya zamani, tazama pembeni ya kipimo cha chaji. Utaona vistari vidogo, na betri ikiwa mpya vinakuwa 12. Hivyo havisemi chaji imebaki kiasi gani, vinasema betri yenyewe imebaki na uhai kiasi gani. Betri hiyo haipozwi kwa maji wala kwa gesi ya kiyoyozi, inategemea hewa tu, na joto ndilo adui yake mkubwa. Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya uniti 24. Vistari vikibaki vinane, safari ya Dar es Salaam hadi Chalinze inakuwa ya kumwomba Mungu. Kwa mwenye gari moja la familia, anayetaka kwenda Moshi kila Desemba, petroli bado ndiyo jibu, na sitamshauri vinginevyo.

Sasa tumwache huyo na Moshi yake, tumtazame kijana wa bodaboda.

Pikipiki yake, Boxer au TVS, inakula lita mbili na kidogo kwa kilomita 100. Tuseme 2.2. Lita tuichukulie shilingi 2,900, bei ambayo hakuna wa Dar atakayeishangaa. Hapo ametumia 6,380. Pikipiki ya umeme ya kubebea abiria inahitaji takriban uniti nne kutoka ukutani kwa umbali uleule, ukishahesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti kwa mteja wa kawaida wa LUKU, pamoja na kodi, ni kama shilingi 356. Jumla ni 1,424. Tofauti ni shilingi 4,956.

Naomba tukae hapo kidogo, maana namba hii ndiyo inayorukwa katika mabishano yote. Kwa siku 26 za kazi inakuwa zaidi ya laki moja na elfu 28 kwa mwezi. Utaniambia si kila siku boda anafikisha kilomita 100. Sawa, mpe 70. Bado ni elfu 90. Mwongezee umeme wa bei ya biashara, punguza tena, bado utabaki na fedha ambayo kwa mtu anayelipa hesabu ya bosi kila jioni ni tofauti kati ya kumaliza pikipiki ya mkataba na kuirudisha. Kwa mwenye IST anayekwenda kazini na kurudi, akiba kama hiyo anaweza asiisikie. Anayekaa juu ya chombo kuanzia alfajiri hadi usiku anaisikia kila akisimama sheli.

Na hapa hakuna uchawi wala ruzuku. Injini ya petroli inageuza robo ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, ikijitahidi sana theluthi. Kinachobaki kinatoka kama joto, lile lile linaloacha alama kwenye mguu wa abiria aliyeshukia upande wa ekzosi. Foleni inazidisha hasara, kwa sababu injini inakula hata ikiwa imesimama. Mota ya umeme inatumia zaidi ya asilimia 80 ya inachopewa, na ikisimama kwenye taa karibu haili kitu. Yaani pale ambapo petroli ni mbovu kuliko kote, katika safari fupifupi za mjini, ndipo umeme ulipo bora kuliko kote, na ndipo bodaboda, bajaji na daladala zinaposhinda.

Kuna na suala la dola, ambalo boda halijadili kijiweni lakini linamfikia. Agosti 2023, EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, ilipotangaza bei kikomo, petroli ya Dar es Salaam iliruka kutoka 2,736 hadi 3,199 kwa usiku mmoja. Nauli ya boda ni maelewano, inapanda kwa kubembelezana na abiria. Hesabu ya bosi haishuki kwa sababu mafuta yamepanda. Mwaka huo huo Kenya ilikuwa imelazimika kuingia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ili ichukue mafuta kwa mkopo wa siku 180, kwa sababu dola zilikuwa hazipatikani, na bado Septemba lita ilivuka shilingi 200 za kule. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: Januari 2024 ikazuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Wengi walidhani ni mambo ya mazingira. Serikali yao yenyewe ilitaja mzigo wa fedha za kigeni. Amri kama hiyo siiombei hapa, kwa sababu nimeshasema mwenye IST ana haki zake, lakini sababu yake inaeleweka: umeme wa maji unazalishwa nyumbani, petroli haizalishwi.

Turudi Tanesco, maana sitaki kuonekana nimeikwepa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mapema 2024, mtambo wa kwanza ukiwa umeanza kazi na mvua zikinyesha, Tanesco ilizima baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Aprili mwaka huo huo hitilafu ikaangusha gridi ya taifa. Mambo haya mawili hayapingani. Umeme wa kuzalisha upo, kinachotuangusha ni njia za kusafirisha na transfoma za mtaani, na hilo ni tatizo la kweli ambalo halitatuliwi kwa kulitania. Ila kwa pikipiki uzito wake ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu betri ya kubadilisha, ile ambayo dereva anaiacha kituoni ikiisha na kuchukua iliyojaa, inachajiwa muda wowote umeme ukiwapo na inakaa rafu ikimsubiri. Pampu ya sheli nayo inaendeshwa kwa umeme, ukikatika linawashwa jenereta. Na wanaosema nchi hii haiwezi kutegemea umeme barabarani wengi wao wameshapanda SGR, treni ya umeme, kwenda Dodoma. (Ndiyo, nakumbuka Julai 2024, treni iliposimama na shirika la reli, TRC, wakawataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme. Nami nilicheka. Treni bado inajaa.)

Haidrojeni nitaipitia haraka, kwa sababu kwa magari sioni mjadala umebaki. Toyota walileta Mirai mwishoni mwa 2014, gari zuri, moshi wake ni maji. Tatizo liko kwenye hesabu. Chukua uniti 100 za umeme, tengeneza haidrojeni kwa kuchambua maji, igandamize hadi shinikizo la bar 700, isafirishe, kisha gari liigeuze kuwa umeme tena. Zinazofika kwenye tairi ni kama 30. Uniti zile zile 100 ukizitia kwenye betri moja kwa moja, zaidi ya 70 zinafika. Kwa nini uzunguke? California, jimbo lililoibembeleza teknolojia hii kuliko karibu mahali pote, Shell walitangaza mwanzoni mwa 2024 kufunga vituo vyao vya haidrojeni vya magari madogo. Kenya, ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, iliweka mbele mbolea, na huko ndiko inakostahili kwenda, kwenye viwanda ambavyo betri haiwezi kuvisaidia.

Mshindani wa kweli wa umeme kwa Tanzania ni gesi asilia. Inatoka kwetu, Songo Songo na Mtwara, kilo moja inauzwa takriban shilingi 1,550, na bajaji zilizofungwa mtungi zimeshajipatia umati jijini. Foleni ndefu za vituo vya gesi ndizo ushahidi wa pande zote mbili: watu wanaitaka, na vituo ni vichache. Kwa teksi na daladala zilizopo tayari, kubadili mfumo kwenda gesi kuna mantiki kuliko kutupa injini nzima. Kwa pikipiki mtungi unakaa wapi?

Wapo pia wanaonyoosha kidole Kolwezi, kwamba betri safi ya Dar inachafua Kongo, inakochimbwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Hoja hiyo ina uzito kwa magari ya kifahari ya Ulaya kuliko kwa pikipiki zetu, maana betri za aina ya LFP, zenye chuma na fosfati, hazina kobalti kabisa, na ndizo zinazozidi kuenea kwenye vyombo vya bei nafuu. Hilo halimwondolei mchimbaji wa Kolwezi mashaka yake. Kinachoweza kumfika ni soko kumhama kabla hajalipwa vizuri.

Pingamizi ambalo mimi linanisumbua halitajwi sana na wapinzani. Ni la umiliki. Kijijini, petroli inauzwa hata kwenye chupa kando ya barabara, na aliyekuuzia leo hajui kesho utanunua wapi. Betri ya kubadilisha si ya dereva. Ni ya kampuni, ina kifaa ndani kinachoripoti mahali ilipo, na dereva akichelewa malipo inaweza kuzimwa kutokea ofisini. Pikipiki ya kampuni moja mara nyingi haikubali betri ya kampuni nyingine. Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria hazisajiliwi tena, dereva mpya anachagua kampuni ya betri kabla hata ya kuchagua kijiwe. Ile laki na elfu 28 niliyoihesabu hapo juu inaokolewa kweli, ila anayeamua igawanywe vipi kati ya dereva na kampuni ni kampuni.

Serikali nayo itataka fungu lake. Ndani ya bei ya lita kuna tozo za barabara, na ipo tozo inayokwenda REA kusambaza umeme vijijini, kwa hiyo kwa miaka kadhaa sasa petroli imekuwa ikilipia nguzo za mshindani wake. Pikipiki za umeme zikiwa nyingi, pengo hilo litatafutiwa mlipaji. Tumeshaona dalili: Juni 2024, gesi ilipoanza kushika kasi kwenye magari, waziri wa fedha alipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kilo. Kwa umeme sioni tofauti, na si dhambi, barabara zinatumiwa na wote. Ila tozo ikija kabla kampuni hazijalazimishwa kutumia betri zinazoingiliana, dereva ataminywa na pande mbili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana ningependa nguvu zinazotumika kubishana kama Leaf inafika Chalinze zihamie TBS, wanaoweza kuweka viwango vya plagi na betri, na LATRA, wanaotoa leseni za bodaboda. Bei ya petroli ina bei kikomo, inatangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila dereva anaijua kabla hajafika sheli. Bei ya kubadilisha betri sijaiona ikitangazwa na mtu yeyote isipokuwa anayeiuza.