Mel Brooks na faida ya kumcheka Hitler

Katika The Producers, filamu ya mwaka 1967 ya Mel Brooks, mchekeshaji na mwongozaji wa Marekani, tapeli mmoja wa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York, na mhasibu wake wanauza hisa za mchezo wa jukwaani kupita kiasi. Hesabu yao ni kwamba mchezo ukianguka, hakuna atakayekuja kudai faida. Ili uanguke kwa uhakika wanatafuta andiko bovu kuliko yote, na wanalipata kwa Mnazi mzee anayefuga njiwa juu ya paa: sifa tupu za Hitler, mwanzo hadi mwisho. Usiku wa kwanza, nyimbo na dansi zinapoanza, watazamaji wanaachama midomo na wengine wanainuka kuondoka. Kisha kicheko kinaanza, kinaenea, na ukumbi mzima unapasuka. Mchezo unafanikiwa, na matapeli wanaishia gerezani.

Wanaomtetea Mel Brooks wanausoma mwisho huo kama ushindi: dikteta amevuliwa nguo mbele za watu. Mimi naona una makali pande mbili. Hitler anayechekwa hatishi tena, sawa. Lakini anaingiza pesa pia, na watu wanarudi makwao wakiwa wamefurahi. Mwenye hasira ya kweli ni yule mwandishi Mnazi tu. Karibu ugomvi wote ambao wachambuzi wamekuwa nao juu ya kazi ya Brooks kwa zaidi ya nusu karne umo katika tukio hilo.

Haki ya kufanya mzaha huo hakuiokota njiani. Alizaliwa Brooklyn tarehe 28 Juni 1926, Melvin Kaminsky, katika familia ya Kiyahudi, na baba yake alikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa na miaka 2. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia Ulaya katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao kazi zao zilikuwa pamoja na kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Aliporudi akawa mwandishi wa vichekesho vya televisheni wa mchekeshaji Sid Caesar. Mtu wa namna hiyo akimchezesha Hitler dansi, huwezi kumwambia hajui anachokigusa. Ila machungu humpa mtu ruhusa ya kusema tu. Kama maneno yake yatafaa kitu ni habari nyingine.

Na wenye shaka wana historia upande wao. Vilabu vya vichekesho vya Berlin vilimdhihaki Hitler kabla hajashika madaraka mwaka 1933, na dhihaka hizo hazikumzuia hata siku moja. Charlie Chaplin alimwigiza kwa kejeli katika filamu ya mwaka 1940, The Great Dictator, kisha katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964 akaandika kwamba laiti angejua unyama halisi wa kambi za Wanazi, asingeweza kuitengeneza filamu ile. Hapo ndipo Brooks anapotatiza. Chaplin alicheka kabla ya kujua. Brooks alicheka akijua kila kitu, miaka 22 tu baada ya vita, huku waliookoka kambini wakiwa hai na wengi wao wakiishi mji uleule wa New York.

Jibu lake mwenyewe limekuwa lilelile miaka yote: ukibishana na dikteta kwa hotuba atakushinda, kwa sababu hotuba ndiyo kazi yake, mfanye kichekesho, naye hana silaha ya kujibia. Hoja nzuri, na naikubali kwa sehemu. Haimzuii dikteta aliye hai. Inachoweza kufanya ni kumnyima utukufu dikteta aliyekufa, na hilo si dogo pale wanapozaliwa watu wapya wa kumtukuza. Brooks mwenyewe anakiri kuna mpaka, kwani amesema hatagusa vyumba vya gesi wala vifo vya watoto. Lakini mwaka 1981, katika History of the World, Part I, aliyageuza mateso ya Wayahudi mbele ya mahakama ya kidini ya Hispania kuwa wimbo na dansi, yeye mwenyewe akiongoza kwa sauti akiwa Torquemada, mkuu wa mahakama hiyo. Basi mpaka wake ni wa wakati: maumivu yaliyozeeka yanachezewa, mabichi hayachezewi. Unaeleweka, ingawa haujengwi juu ya kanuni yoyote.

Blazing Saddles ya mwaka 1974 ni mtihani mgumu zaidi, maana ubaguzi wa rangi haukuwa umekufa ili usimangwe kaburini. Mtu Mweusi anateuliwa kuwa sherifu wa mji wa Weupe watupu, kwa makusudi, ili wakazi wachukie, wahame, na reli ipite. Tusi baya kabisa kwa Weusi linarudiwa tena na tena. Utetezi wa kawaida ni kwamba Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi, alikuwa miongoni mwa waandishi, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba wakubwa wa studio ya Warner Bros. hawakumtaka Pryor acheze sherifu, na nafasi ikaenda kwa mwigizaji Cleavon Little. Kwangu utetezi wenye nguvu zaidi uko ndani ya filamu: mtazame anayeonekana mjinga kila tusi linapotoka. Ni anayelitamka, kila mara. Sherifu ndiye mtu mwenye akili kuliko wote pale mjini, akisaidiwa na mlevi mmoja mwenye shabaha, anayeigizwa na Gene Wilder.

Tatizo ni kwamba ulinzi huo hauwafikii wengine. Mwishoni wanatokea wanaume wacheza dansi waliochorwa kama mashoga wa kuchekwa, na hapo anayechekwa ni wao, si anayewadharau. Brooks mwenyewe anaigiza chifu wa Wahindi Wekundu anayezungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Ni kichekesho kizuri, nakiri, lakini chifu mwenyewe hana la kusema nje ya utani huo. Mchekeshaji anayejua vizuri namna ya kupindua dharau upande mmoja hawezi kujitetea upande wa pili kwamba zama zilikuwa hivyo.

Mwaka 2017 alilalamika kwamba filamu ile haiwezi kutengenezwa leo, kwa kuwa kuogopa kuudhi watu kunaua ucheshi. Nalichukua lalamiko hilo kwa tahadhari. Hata mwaka 1974 nusura isipone: wakubwa wa studio walitaka vipande kadhaa vikatwe, na ilinusurika kwa sababu mkataba ulimpa Brooks neno la mwisho.

Ninachokiona mimi katika maisha yake ya kazi ni kwamba alihitaji mtu wa kumbishia, na mtu huyo kwa kiasi kikubwa alikuwa Wilder. The Producers, Blazing Saddles na Young Frankenstein, kejeli ya filamu za zimwi la Frankenstein, zote tatu zimo katika hifadhi ya taifa ya filamu ya Marekani, na zote tatu zina Wilder. Katika ile ya tatu, aliyoiandika pamoja na Brooks, alitoa sharti kwamba Brooks asionekane mbele ya kamera. Ni sharti kali kumpa mwigizaji, na lilifaa: filamu ilitulia na zimwi likapata huzuni. Baada ya hapo Brooks akaongoza bila Wilder, akizidi kujiweka mbele, na kejeli zikaanza kuelekea filamu za wengine tu, hadi Dracula: Dead and Loving It ya mwaka 1995, ambayo sioni inampiga nani. Akiwa mtayarishaji aliyekaa nyuma alikuwa mtu mwingine: kampuni yake ndiyo iliyotoa The Elephant Man ya David Lynch mwaka 1980, na jina lake alilificha ili watu wasije wakitarajia kucheka.

Mwaka 2001 The Producers ilirudi Broadway kama mchezo wa muziki na kuzoa Tuzo za Tony, tuzo kuu za maigizo ya Broadway, 12, rekodi. Wimbo wa kumsifu Hitler, uliowahi kuwachukiza baadhi ya wahakiki, ukawa kivutio cha kununulia tiketi. Anayetaka kumpinga Brooks aanzie hapo, na si kwenye matusi ya Blazing Saddles.