Shilingi Tano za Makondakta wa London

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1918, wanawake makondakta wa kituo cha mabasi cha Willesden, kaskazini-magharibi mwa London, waligoma. Hawakutoa notisi wala hawakungoja ruhusa ya viongozi wa chama chao. Muda si mrefu wenzao wa Hackney, Holloway na Acton nao wakaweka kazi chini, kisha mgomo ukatoka nje ya jiji ukafika Bath, Bristol, Hastings na Birmingham. Walikuwa wakidai posho ya vita ya shilingi 5 kwa wiki. Wanaume wa kazi ileile walikwishapewa, wao wakanyimwa.

Siku 9 tu kabla ya hapo majeshi ya Uingereza na washirika wake yalikuwa yameanza mashambulizi makubwa ya Amiens, Ufaransa. Kwa hiyo lawama haikuchelewa: kaka na waume zenu wanakufa huko, nyinyi mnagombania shilingi? Lawama hiyo haijafa hata leo, ila imelainishwa. Huambiwa kwamba usawa kazini ni haki, lakini saa ya hatari si saa ya kuudai. Mimi naona wanaosema hivyo hawajazitazama vizuri zile shilingi 5.

Pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Mwaka 1915 serikali ilipotoa mwongozo wa malipo ya wanawake walioshika kazi za wanaume kwenye viwanda vya silaha, kiwango kilichotajwa kilikuwa pauni 1 kwa wiki. Shilingi 5 ni robo ya kiwango hicho, yaani tofauti ambayo mama mwenye nyumba anaiona mezani kila siku. Na posho yenyewe ilitolewa kwa ajili gani? Kufidia ugumu wa maisha. Kufikia 1918 bei za vyakula Uingereza zilikuwa zimepanda zaidi ya mara mbili ya zile za 1914. Kama ingekuwa tuzo ya nguvu au ya ujuzi, ningeelewa ubishi ulikotoka. Lakini muuza mkate hakuwa na bei ya mwanamke na bei ya mwanamume.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Kwenye mabasi ya London mshahara wa msingi ulikuwa sawa tayari, kwa sababu chama cha wafanyakazi kiliwapokea wanawake kwa sharti hilo. Kampuni zenyewe zilikuwa zimekubali kwamba kazi ni moja. Basi la ghorofa mbili lisilo na paa, ngazi ya nyuma inayopandwa na kushukwa mchana kutwa, mvua ikinyesha juu, taa za barabarani zimefifishwa kwa kuhofia ndege za Wajerumani, mkoba wa sarafu begani na mashine ya kutoboa tiketi inayolia kengele kila nauli inapolipwa. Ngazi zilikuwa zilezile na zamu zilikuwa zilezile. Aliyebadilika ni mpandaji tu.

Upande wa pili una hoja zake, na si hoja za kupuuzwa. Mwaka 1915 serikali na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba mabadiliko ya viwandani, kama kuwaweka wanawake kwenye kazi za wanaume, yangekuwa ya kipindi cha vita tu. Mtu aliyeacha benchi lake la kazi akaenda kulala kwenye mahandaki aliondoka na ahadi hiyo mfukoni. Hofu ya mafundi nayo ilikuwa ya kweli: waajiri wengi walipenda kuigawa kazi ya fundi mmoja vipande vipande, wakampa mwanamke kila kipande kwa malipo ya chini, na wakishazoea hawarudi nyuma. Tena watu wengi, wakiwemo wanawake, waliamini kwamba mshahara wa mwanamume ni wa nyumba nzima, na wa mwanamke ni wa kujikimu mwenyewe.

Hoja ya ahadi kwa askari naiheshimu. Hoja ya mshahara wa nyumba nzima inanishinda, kwa sababu wagomaji walipokutana Blackfriars, katikati mwa London, wengi wao walikuja na watoto wao na chakula cha mchana. Hao watoto walikuwa nyumba ya nani? Baba zao wengine walikuwa vitani na wengine walikwishazikwa huko. Na ile hofu ya mwanamke kuwa kibarua wa bei rahisi, dawa yake ilikuwa kumlipa sawa. Makondakta walilielewa hilo. Mgomo ulioanza kwa posho ukageuka upesi kuwa dai la malipo sawa kwa kazi sawa, na wanaume wengi wa mabasi waliwaunga mkono, kwa kuwa anayepunjwa leo kwenye basi lako ndiye atakayetumiwa kesho kukupunja wewe.

Kabla mwezi haujaisha walipata shilingi zao 5. Hawakupata kanuni ya malipo sawa. Serikali iliunda kamati chini ya Jaji Atkin kuchunguza suala hilo. Ripoti ilipotoka 1919, walio wengi walikubali malipo sawa kwa maneno, kisha wakayafunga kwenye kiasi cha kazi kinachotoka, wakaacha mlango wazi wa kumlipa mwanamke pungufu. Beatrice Webb, mjumbe wa kamati hiyo, alikataa kutia saini, akaandika ripoti yake: mshahara uwe wa kazi, usiangalie jinsia ya anayeifanya. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kurudisha taratibu za kabla ya vita viwandani, na makondakta wanawake wakaondolewa kwenye mabasi.

Anayesema wakati wa vita haukufaa angetuambia ni wakati gani ulifaa. Amani ilikuja, wakaambiwa askari wamerudi. Vita vya pili vikaja, na mwezi Machi 1944 Bunge likapitisha malipo sawa kwa walimu wanawake kwa kura 117 dhidi ya 116, hoja ikiwa ya mbunge Thelma Cazalet-Keir. Waziri Mkuu Churchill akaligeuza jambo hilo kuwa kura ya imani kwa serikali yake, tena katikati ya vita. Siku mbili baadaye wabunge walirudia kupiga kura, wakaifuta hoja kwa 425 dhidi ya 23. Wengi wao hawakuwa wamebadili fikra kuhusu walimu. Walikuwa wanachagua kati ya mwalimu na vita, kwa sababu ndivyo swali lilivyopangwa.

Walimu hao walianza kusogezewa malipo yao mwaka 1955, kidogo kidogo, hadi yakalingana 1961. Sheria ya malipo sawa kwa wafanyakazi wote ilipitishwa 1970 na ikaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1975. Kondakta aliyekuwa na miaka 25 asubuhi ile ya Willesden, kama alikuwa hai bado, alikuwa na miaka 82.