Beberu wa Killorglin na watu wanaomtazama kutoka chini

Kwetu neno beberu lina kazi mbili: dume la mbuzi, na mkoloni. Ukimwambia Mswahili kwamba huko Ayalandi, nchi iliyokaliwa na Waingereza karne kwa karne, upo mji ambao kila Agosti humvika beberu taji na kumwita mfalme, atacheka kwanza, kisha aulize: yupi kati yao?

Ni yule wa ndevu. Mji unaitwa Killorglin, una watu kama 2,000 tu, uko kaunti ya Kerry kando ya mto Laune, unaotoka Ziwa Leane pale Killarney na kuteremka hadi ghuba ya Dingle. Tarehe 10 hadi 12 Agosti hufanyika Puck Fair. Poc kwa Kiayalandi ni beberu, basi hilo ni gulio la beberu na wala hakuna fumbo. Dume la mwituni hukamatwa milimani, msichana wa shule, ambaye ndiye malkia wa mwaka huo, humvika taji, kisha mfalme hupandishwa juu ya jukwaa refu la vyuma katikati ya mji. Kwa utaratibu wa zamani alikaa huko siku zote tatu, akila na kunywa, nao raia zake wakinywa zaidi chini yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Watetezi wa wanyama wanasema huo ni unyanyasaji uliofungwa utepe. Agosti 2022, joto kali lilipoipiga Ayalandi, shutuma ziliongezeka hadi waandaaji wakamshusha mfalme kwa ajili ya usalama wake. Picha ya mbuzi ndani ya kizimba chini ya jua ilisambaa kuliko picha yoyote ya gulio lenyewe, na watu wengi nje ya Kerry wanaujua mji huo kwa picha hiyo moja.

Nadhani picha hiyo imewanyima haki watu wa Killorglin, na sababu yangu kubwa ni ushuru.

Hati ya kifalme ya mwaka 1613, wakati wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, ilimpa mwenye ardhi wa pale, Jenkin Conway, ruhusa ya kuendesha gulio tarehe 1 Agosti. Gulio lilikuwa mali. Kila ng'ombe aliyeuzwa alilipiwa ushuru, na ushuru ulikwenda kwa mwenye hati. Hata tarehe ya leo ni kumbukumbu ya ubishi wa wenyeji: mwaka 1752 serikali ya London ilipobadili kalenda na kufuta siku 11, gulio lilikataa kufutiwa siku zake. Jumlisha 11 kwenye tarehe 1 Agosti uone unafika wapi. Ni tarehe 12, siku ambayo hadi sasa huitwa siku ya kutawanyika.

Mbuzi aliingiaje? Wengine husimulia kwamba askari wa Cromwell, jemadari wa Kiingereza, walipokuwa wakipora vijiji vya milimani katika karne ya 17, dume moja lilijitenga na kundi likakimbilia mjini likiwa hoi, watu wakajua hatari inakuja. Ni hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto. Inayonivutia mimi ni ile ya mwaka 1808. Inasimuliwa kwamba mamlaka ziliondoa haki ya kutoza ushuru Killorglin, na kabaila wa pale akaona riziki yake inakauka. Akamwendea wakili kijana aliyeitwa Daniel O'Connell, huyohuyo ambaye baadaye angekuwa kiongozi mkubwa wa Wakatoliki wa Ayalandi. O'Connell akaisoma sheria neno kwa neno. Ilitaja magulio ya ng'ombe, farasi na kondoo. Mbuzi haikumtaja. Basi, akasema, pandisheni mbuzi juu, kila mtu amwone, ajue kwamba hapa leo ni gulio la mbuzi na ushuru ni halali.

Sidai kwamba mambo yalikwenda hivyo hasa. Lakini tazama mji unajieleza vipi kwa hadithi hiyo. Mbuzi ni tangazo la biashara. Ni bango lenye pembe, lililotundikwa juu ili lionekane na kila aliyekuja na mnyama wake. Katika nchi ambako sheria zilitungwa na wengine, mji ulikuta tundu la sindano kwenye sheria hizo ukapitisha beberu mzima. Nani asingeendelea kulisherehekea jambo hilo kwa karne mbili?

Na chini ya bango hilo biashara ilikuwa ya kweli. Katika magulio ya namna hii muuzaji na mnunuzi hukataana mara tatu, mmoja hugeuza mgongo na kujifanya anaondoka, na dalali asiye na mnyama wala fedha humkimbilia, humrudisha kwa kumvuta koti, kisha hulazimisha viganja viwili vikutane. Mmoja hutema mate kiganjani kabla ya kupiga mkono. Bei ikishalipwa, muuzaji humrudishia mnunuzi noti au sarafu kidogo iwe hela ya bahati, na asiyerudisha huonekana mchoyo. Mtu aliyekulia karibu na mnada wa mifugo hahitaji mkalimani hapo.

Halafu kuna jambo ambalo sijalisikia likijibiwa vizuri. Tarehe 11 ni siku ya ng'ombe. Wanaoletwa hapo ni mifugo ya soko, na safari ya wengi wao tunajua huishia wapi. Hakuna anayewapigia picha ya huruma. Mgeni anaweza kusimama na mkate wake wa nyama mkononi, akainua macho kwa mbuzi, akasikitika. Kati ya wanyama wote wanaoingia mjini siku zile, huyo aliye juu ndiye ambaye safari yake ya kurudi mlimani imepangwa kabla hajafika, na daktari wa mifugo hupita kumkagua. Siwezi kusema hilo linahalalisha kizimba. Nasema tu kwamba huruma inayochagua mnyama mmoja kwa sababu amevalishwa taji ina maswali ya kujibu kabla ya kuwafundisha wakulima wa Kerry ufugaji.

Hata hivyo upande wa pili una hoja moja ngumu, na wenyeji wanapoikwepa wanajidhoofisha. Hoja ya watetezi wa wanyama haihusu urefu wa jukwaa, maana mbuzi wa majabali haogopi kwenda juu. Inahusu upweke na kelele. Mbuzi ni mnyama wa kundi, na huyu hajawahi kufugwa. Kwa utaratibu ule wa zamani, unamtoa kwa wenzake, unamzungushia vyuma, unampigia muziki hadi usiku wa manane, kwa kuwa baa huwa na ruhusa ya kuwa wazi hadi saa tisa usiku. Majani mabichi na maji safi hayaondoi hofu. Kusema "anakula vizuri" ni jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Ila hoja hiyo inapatana na hadithi ya O'Connell kuliko wanaharakati wanavyojua. Kama mbuzi ni tangazo, kazi yake imekwisha pindi akishaonekana. Sheria ya hadithi ile haikudai siku tatu. Ilidai mbuzi aonekane. Avikwe taji, apandishwe, mji umshangilie, ashushwe arudishwe mlimani kabla ya giza, na gulio lote libaki kama lilivyo. Wanaosema desturi itakufa mfalme akishuka mapema wanasahau kwamba pale darajani, juu ya Laune, ipo sanamu yake inayokaa mwaka mzima bila kulalamika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mgeni mwenyewe. Killorglin iko kwenye Ring of Kerry, barabara ya mzunguko ya kilomita 179 ambayo mabasi ya watalii huizunguka kutwa. Wengi huuliza mbuzi atapandishwa saa ngapi. Taji ni jambo la jioni. Farasi huuzwa asubuhi ya tarehe 10, na basi linapowashusha watu wa picha, viganja vimeshapigana, hela ya bahati imesharudishwa, na dalali yuko baa.