Kocha msaidizi wa besiboli chuoni: tutazame alikocheza au alikofundisha?

Mwishoni mwa Juni 2022, msimu ukiwa katikati, kocha wa warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) wa timu ya Minnesota Twins aliiaga ligi kuu ya besiboli ya Marekani akaenda kuwa msaidizi tu chuoni, Louisiana State (LSU). Ndiye Wes Johnson. Besiboli ya kulipwa hakuicheza kamwe. Alianza kwa kufundisha shule za sekondari jimboni Arkansas, akapanda chuo baada ya chuo, na mwishoni mwa 2018 Twins wakamchukua moja kwa moja kutoka chuoni. LSU walitwaa ubingwa wa 2023 kule Omaha, mji unakochezwa fainali za vyuo, akiwa nao, kisha akaenda Georgia kuwa kocha mkuu.

Sasa mweke kando ya Troy Tulowitzki, msaidizi wa Texas, aliyechaguliwa mara 5 katika kikosi cha nyota wa ligi kuu na kushinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mara 2. Wote wawili wamekuwa makocha wasaidizi wa vyuo vikubwa, na ubishi kuhusu nani afaaye zaidi hauishi. Mara nyingi hukwama kwa sababu watu hulinganisha wasifu bila kuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Kazi hizo ni chache. Tangu Julai 1, 2023, timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inaruhusiwa kocha mkuu na wasaidizi 3 wa kulipwa. Kwa kawaida mmoja hubeba warushaji na mwingine wapigaji. Wa tatu hupewa walinzi wa ndani (wanaolinda karibu na beisi) au wadakaji (wanaoudaka mpira nyuma ya mpigaji), na mmoja wa makocha hao huongezewa zigo la usajili, yaani kusaka wachezaji wapya. Kila kiti kinadai mtu tofauti.

Kabla ya tarehe hiyo wasaidizi wa kulipwa walikuwa 2, na wa tatu aliitwa wa kujitolea. Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wasifu mwingi wa makocha wa leo ulipotengenezwa. Huyo wa kujitolea alipiga mipira ya mazoezi kila siku kwa ule mpini mwembamba (gongo la kupigia), alisafiri na timu, alifundisha upigaji au udakaji kama wenzake, lakini chuo hakikuruhusiwa kumlipa mshahara wala bima ya afya. Hakuruhusiwa pia kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji, na huo ndio ujuzi unaompandisha kocha cheo. Riziki yake ilitoka kwenye kambi za watoto wakati wa likizo. Chuo chenye jina kilijaza kambi, naye akaishi. Chuo kidogo kilikuwa na kambi tupu, na kocha akalala kwenye kochi la rafiki. Waliodumu miaka mitatu au minne katika hali hiyo ni wale wenye wazazi wa kuwasaidia, wake wenye ajira, au akiba ya fedha za usajili za enzi za uchezaji. Kwa hiyo ukiona benchi la ufundi limejaa wachezaji wa zamani wa kulipwa, usidhani kwamba wote walishinda ushindani wa ujuzi. Wengine walishinda ushindani wa mfuko. Makocha hao waliishtaki NCAA, na shauri likaishia kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 49.

Turudi kwa mchezaji wa zamani kama Tulowitzki. Faida yake kubwa iko kwenye usajili. Kijana wa miaka 17 na wazazi wake wanataka kujua kama chuo kitamfikisha ligi kuu, na mtu aliyefika huko ana jibu ambalo halihitaji picha za slaidi. Faida ya pili iko kwa walinzi wa ndani. Namna ya kuweka miguu kabla mpira haujapigwa, na lini kuuacha mpira uruke mara ya pili badala ya kuukimbilia, ni mambo ya mwili, na hufundishwa vizuri na mwili uliokwisha kuyafanya mara elfu kumi.

Kasoro zake hazitajwi sana. Besiboli ya kulipwa huchezwa karibu kila siku. Chuoni kuna mechi 56 za msimu, nyingi za Ijumaa hadi Jumapili na moja katikati ya wiki, na shughuli za timu zimefungwa ndani ya saa 20 kwa wiki. Anayepanga mazoezi kama alivyozoeshwa humaliza saa hizo Jumatano. Tena mpini wa chuoni ni wa chuma. Mrushaji wa kulipwa hufundishwa kuubana mpira karibu na vidole vya mpigaji ili mti uvunjike, lakini chuma hakivunjiki, na mpira uliobanwa hivyo huangukia nyuma ya walinzi salama salimini. Halafu kuna kuita mirusho. Kwenye ligi kuu mdakaji ndiye aliyezoea kuchagua mrusho, ilhali vyuoni kwa kawaida huchagua kocha akiwa benchini, mara 130 au 150 kwa mechi, kwa namba za kwenye kadi ya mkononi au kifaa cha sauti. Mtu anaweza kuwa amerusha miaka kumi bila kuifanya kazi hiyo hata siku moja.

Upande wa pili ni kocha aliyekulia kwenye kamera na rada. Anasimama nyuma ya mrushaji na tableti. Kamera ya kasi inaonyesha kidole kipi kimeuacha mpira mwisho, rada inasoma mzunguko wake, na badiliko dogo la kushika mshono linapimwa palepale badala ya kubishaniwa. Max Weiner alitoka kwenye shirika la Seattle Mariners akawa kocha wa warushaji wa Texas A&M, na msimu wake wa kwanza, 2024, wakafika fainali Omaha. Hatari ya shule hii ni kumjaza kijana namba katikati ya msimu. Anapanda kilimani, pale anaporushia, Ijumaa akiwaza mzunguko wa mpira, mpigaji hamwoni. Nyingine ni kukimbiza kasi ya mrusho kwa mazoezi ya mipira mizito bila kuhesabu mapumziko, na kiwiko ndicho kinacholipa.

Wapo wa katikati, na kwa maoni yetu hao ndio mtaji unaodharauliwa: waliocheza misimu michache ligi ndogo, zile za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu, wakaishia hapo. Nate Yeskie alirusha katika ligi ndogo za Twins, akafundisha warushaji wa Oregon State waliotwaa ubingwa wa 2018, kisha wa LSU mabingwa wa 2025. Chris Fetter naye aliishia ligi ndogo za Padres. Aliifundisha Michigan iliyofika fainali ya 2019, leo yuko Detroit Tigers. Mtu asiye na kipaji cha kutosha kupita hulazimika kuuliza kwa nini mpira wake unapigwa, na majibu hayo ndiyo anayoyafundisha baadaye.

Ukisoma wasifu kwenye tovuti ya timu, tahadhari na orodha ya “wachezaji aliowaendeleza”. Mrushaji Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza kabisa timu za ligi kuu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2023 baada ya msimu mmoja LSU chini ya Johnson, akiwa na mikwaju-nje 209 (wapigaji aliowatoa kwa kukosa mpira). Lakini alihamia kutoka Air Force akiwa tayari jina kubwa. Sifa ya Johnson ni kile kilichoongezeka kati ya msimu wa 2022 na wa 2023, na kilichoongezeka si kidogo. Wasaidizi wengine huweka kwenye orodha hata mchezaji waliyekutana naye miezi minne. Linganisha tarehe: kocha aliingia lini, mchezaji aliingia lini, takwimu zilikuwaje kabla.

Angalia pia kocha yupi anasimama kando ya beisi ya tatu timu yake inapopiga. Mkimbiaji wa beisi ya pili anahitaji takriban sekunde 7 kufika nyumbani, beisi ya mwisho inayoleta alama, na kocha huyo ndiye anayemwita au kumzuia kwa kutazama kama mlinzi wa nje anauokota mpira akija mbele au akikimbia kando. Kazi hiyo haina rada wala Glavu ya Dhahabu. Inataka mtu aliyekwisha kukosea mara nyingi mahali ambapo kosa halikumfukuzisha kazi, na wasifu wa namna hiyo kwa kawaida huanzia sekondari au chuo cha miaka miwili, kwenye mistari ambayo msomaji huiruka.