Kitanda cha Lamu ndani ya katoni: kifunguliwe hadi wapi?

Kitanda cha futi tano kwa sita, kikisimama na ubao wake wa mchagoni, kinakula nafasi ya mita za ujazo 3.5 hivi, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni upepo mtupu. Fungua kona zake nne, laza mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ubavu kwa ubavu, funga chaga juu yake, kisha ubao wa mchago na wa miguuni uvifunge peke yao. Unabaki na mizigo miwili ambayo kwa pamoja ni kama mita za ujazo 0.3. Hesabu hiyo haina mpinzani Lamu. Ni nadra fundi kutuma kitanda kizima kwenda Nairobi, seuze ng'ambo.

Ubishi uko kwingine. Wapo mafundi, vijana wengi wao, wanaopokea oda kwa simu kutoka kwa watu wasiowahi kukanyaga kisiwani, na wanaona kitanda kibuniwe tangu mwanzo kwa ajili ya katoni: mfumbati ukatwe katikati uungwe kwa chuma, ubao wa mchago ugawanywe vipande vitatu, mbao ziwe nyembamba, mzigo ubebeke na mtu mmoja. Wapo na wazee wa kazi wanaosema kitanda kinachofunguka ni kitanda kinacholia, na kwamba mteja akitaka sifa ya Lamu alipie na usafiri wake. Kila upande una ukweli wake, ila nadhani wote wawili wanapima kitu kisicho chenyewe.

Tuanze na njia, kwa sababu Lamu njia ndiyo inayoamua mengi. Mji wa kale, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena hupishana kwa kubanana. Gari halifiki mlangoni kwa fundi. Kitanda kinatoka karakana kwa mabega ya hamali au kwa mkokoteni, kinashuka gati, kinapakiwa botini hadi Mokowe, kinapanda lori kwa barabara ya Garsen kuelekea Mombasa. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021, lakini fundi mwenye vitanda vitatu si mteja wa bandari ya namna ile. Mzigo mdogo wa kuchanganywa na wa wenzake bado unafuata njia ya Mombasa. Kila unapobadilisha mikono, kuna kona inayogongwa. Na nahodha wa boti hatozi kwa mita za ujazo, anatoza kwa jicho: akiona kitu kirefu kitakachowakera abiria, bei inapanda.

Kwa hiyo hoja ya vijana kuhusu urefu si ya kubezwa. Mfumbati wa karibu mita mbili ni taabu ndani ya boti, ni taabu kwenye buti la basi, na ni taabu zaidi kwenye lifti ya ghorofa huko Nairobi. Mfumbati wa vipande viwili unaingia hata kwenye gari dogo la mteja.

Nisichokubaliana nacho ni kuiita kazi hii mtindo wa kuiga Ulaya, jambo ambalo pande zote mbili hulisema, mmoja kwa kujisifu na mwingine kwa kulaumu. Kitanda cha kamba cha pwani hii kimekuwa cha vipande tangu zamani: matendegu manne, ndiyo miguu yake, mifumbati miwili, vitakizo viwili vya mchagoni na miguuni, ndimi, yaani ncha za mbao zilizochongwa, zimeingia kwenye matundu bila gundi wala msumari. Kinachokishika ni kamba. Ukiisuka na kuivuta, mbao za pande zote zinavutwa ndani na kila ulimi unazidi kubanwa kwenye tendegu lake. Kamba ikilegea, kitanda kinayumba. Ikikazwa upya, kinatulia. Na nyumba za mawe zenye ngazi nyembamba za kukunja kona hazikuwaachia watu hiari: kitanda kipana kilipanda orofani kwa vipande, au hakikupanda. Huko Ulaya nako wazo hili ni kongwe kuliko maduka makubwa ya samani ya leo. Kiti namba 14 cha Thonet, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye kreti moja ya mita moja ya ujazo.

Sasa hesabu ya nauli, ambayo ndiyo kiini cha jambo. Mzigo wa ndege hupimwa kwa uzito au kwa nafasi, kubwa kati ya hizo mbili ndiyo inayolipiwa, na kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Kitanda kizima cha mita 3.5 kingelipiwa kama kilo 580 na zaidi. Kikifunguliwa kona, nafasi yake inahesabiwa kama kilo 50 hivi. Lakini mbao ngumu za kitanda kama hicho zina uzito halisi wa kilo 80 au zaidi. Maana yake, ukishafungua kona nne, tayari unalipia uzito. Ukate mfumbati mara mbili, uugawanye ubao wa mchago mara tatu, ndege itakutoza kile kile, na huenda ikaongezeka kidogo kwa sababu ya vyuma ulivyoongeza kwenye maungio.

Baharini mizani ni nyingine: mita moja ya ujazo husimama sawa na tani moja, kwa hiyo mbao siku zote hulipiwa nafasi, na kila sentimita unayoipunguza ina thamani. Hapo vijana wangeshinda, isipokuwa wakala wa mizigo ya kuchanganywa mara nyingi ana kiwango cha chini, nacho huwa ni mita moja ya ujazo. Kitanda kimoja cha 0.3 kinalipiwa mita nzima. Ukikipunguza hadi 0.22 kwa kukikatakata, unalipia mita nzima vilevile. Faida ya kweli inapatikana fundi mmoja, au mafundi watatu waliokubaliana, wakipeleka vitanda vitatu kwa mpigo. Nashangaa kwamba mazungumzo ya karakana yanazunguka kwenye msumeno na ni nadra kufika kwenye kuunganisha oda, ambako ndiko pesa iliko.

Kwa ufupi, mkato wa kwanza, yaani kufungua kona nne, unaleta karibu faida yote. Mikato inayofuata inaleta kidogo, na bei yake inalipwa na kitanda chenyewe. Mfumbati huelemewa zaidi katikati, mahali pale pale wanapotaka kuukata. Kipande cha chuma na bolti nne vinaweza kuubeba mzigo, ndiyo, ila tendegu la kati likiwekwa chini ya kiungo, na tendegu hilo linahitaji sakafu iliyo sawa. Sakafu za kwetu tunazijua.

Wazee, wanaopenda kuunga kwa gundi, nao wana jibu la kutoa. Mbao iliyokaa kwenye karakana ya Lamu, upepo wa bahari ukiingia usiku na mchana, hubaki na unyevu wa kama asilimia 14 au 15. Ipeleke kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, itashuka hadi asilimia 7 au 8. Ubao wenye upana wa sentimita 30 huweza kusinyaa milimita 5 kwa safari hiyo. Kiungo kilichogandishwa kwa gundi hakina pa kwenda: ama ulimi unachomoka, ama ubao unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Kiungo cha bolti kinalegea tu, na mteja anakikaza robo mzunguko. Kitanda kilichofungwa kwa gundi kinalia pia, tena kikianza kulia hakuna dawa ila kukivunja.

Fundi mmoja wa huku ana namna ya kona ambayo kwangu imemaliza nusu ya ubishi huu. Mfumbati una ulimi mfupi, kina cha sentimita mbili hivi, unaoingia kwenye tundu la tendegu. Ulimi ndio unaobeba uzito, bolti haibebi kitu. Anatoboa kwa keekee kutoka nje ya tendegu, katikati ya ulimi, hadi ndani ya mfumbati, kisha kwa ubavu wa ndani anachonga tundu la nati. Bolti ikikazwa, mabega ya ulimi yanakaa kwenye tendegu na unyoya haupenyi. Kichwa cha bolti kinafichwa na kisahani cha mbao kilichochongwa ua, upana wa sarafu kubwa, kinachozunguka kwenye msumari mmoja wa shaba. Mgeni anaona nakshi. Mwenye kitanda anajua pa kutia spana. Na kabla ya kufungua, fundi huyo anachanja kwa patasi mkwaju mmoja, yaani alama ya mstari, kwenye ulimi na mkwaju mmoja kwenye tendegu lake, miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu, kwa sababu kazi ya mkono haina kona mbili zinazolingana kabisa. Karatasi ya maelezo inaweza kupotea Mokowe, mikwaju haipotei.

Bolti zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Hapa wanaobana matumizi wanakosea sana. Chuma cha kawaida, katika hewa hii ya chumvi, kinashika kutu kabla kitanda hakijavuka maji, na kwenye baadhi ya mbao kinaacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa.

Kuhusu ubao wa mchago sina upole. Nakshi ya Lamu inachongwa ikijua mwanzo na mwisho wake; ukiikata vipande vitatu ili iingie kwenye katoni, mistari miwili ya maungio itapita katikati ya maua, na mbao tatu zitasinyaa kila moja kwa kiasi chake. Anayetaka ubao wa vipande auchongee nakshi ya vipande, kila kimoja na fremu yake, jambo ambalo milango ya kwetu imelifanya siku zote. Hilo ni zuri na linawezekana. Kukata nakshi iliyokusudiwa kuwa moja ni uharibifu.

Chaga ni jambo jepesi: ziunganishwe kwa utepe imara, zikunjwe kama jamvi, zikifika zinatandazwa. Nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita saba hivi, la sivyo godoro la sponji linabonyea.

Kuna faida moja ya vipande ambayo wazee hawaihesabu. Kitanda kikubwa kinachokwenda ng'ambo kikiwa kizima au nusu kizima kinahitaji kreti, na kreti ya mbao ghafi ina sheria yake ya kimataifa: mbao ipashwe joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka katikati yake, ipigwe muhuri, isije ikabeba wadudu. Plaiwudi na katoni hazimo kwenye sharti hilo. Kitanda cha vipande kinafungwa kwa katoni nene, kona zake zikizungushiwa mabaki ya sponji, na kreti inasahaulika.

Upande wa pili wa shilingi ni forodhani. Mbambakofi, mkangazi na mninga wa Afrika viliingizwa mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho hutaka kibali cha kuvusha mpaka, na sharti hilo linahusu magogo, mbao zilizopasuliwa na nyinginezo za namna hiyo. Samani iliyokwisha tengenezwa ni habari nyingine, na kanuni za forodha zinakihesabu kitu kilichofunguliwa kuwa ni kitu kamili ilmradi vipande vyake viko pamoja. Anayetuma mifumbati wiki hii na ubao wa mchago wiki ijayo, ili aokoe nauli, anatuma furushi la mbao ambazo ofisa hana sababu ya kuziita kitanda.

Linabaki swali la nani atakifunga kule kiendako. Ukituma vipande, umehamisha saa moja ya kazi ya fundi na kumpa mteja, na wengine hawataki. Wanaokataa ndio hao watakaoandika kwamba kitanda kinayumba, kumbe hawakukaza bolti ya nne. Spana na bolti mbili za akiba ndani ya mfuko, pamoja na video fupi ya simu ikionyesha mikwaju inavyolingana, ni gharama ndogo kuliko sifa mbaya.

Na si kila kitanda kihangaikiwe hivi. Kitanda cha nyumba ya wageni Shela au Kipungani kinasafiri mara moja tu, kwa mashua, mwenye kukichonga akiwa ameketi pembeni yake, na pengine hakitatoka tena chumba kile maisha yake yote. Hewa ni ile ile kilikotoka na kilikofika. Hicho wazee wakitie gundi wapendavyo, sharti wapime mlango kwanza.