Kukoki kwa ubavuni: mi nimekubali, ila sio kwa kila bunduki

Kama umepita JKT au umewahi kushika SMG (hii AK-47 yetu) unajua mkono wa kukokia uko kulia, umeungana na chuma cha ndani kabisa, unavuta unaachia, kazi imeisha. Sasa mi nilivyofika huku Texas nikaanza kucheza na AR-15, bunduki ya kiraia maarufu huku, nikakuta hawa jamaa mkono huo wameuweka nyuma kabisa juu ya kitako, umbo la T, yani unavuta kuelekea puani kwako. Na Eugene Stoner mwenyewe, aliyeibuni, kwenye AR-10 zake za mwanzo (AR-15 imetokana nazo) miaka ya 1950 alikuwa ameuweka juu, ndani ya kile kishikio cha kubebea, baadaye ndo ukahamia nyuma ukabaki hukohuko mpaka leo.

Ukiwa umesimama wala huoni shida. Lala chini sasa na skopu kubwa: shavu limetulia kwenye kitako, jicho limeshapata picha safi, unataka kukoki, inabidi unyanyue kichwa, upenyeze vidole chini ya mkia wa skopu, uvute, afu urudi kuanza kutafuta shabaha upya. Risasi ikikwama ndo usiseme. Na ukifunga sailensa gesi inarudi kwenye upenyo wa huohuo mkono inakupiga usoni, mi nilikuwa narudi kutoka renji (uwanja wa shabaha) macho mekundu wife ananiuliza nimelilia nini.

Basi nikaagiza resiva ya juu (nusu ya juu ya mwili wa bunduki, inayobeba mtutu na bolti) ya kukoki ubavuni. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inahesabu resiva ya chini, ile yenye namba, ndo bunduki, ya juu unaiagiza kama spea ya gari (majimbo mengine yana masharti yao, cheki kwanza). Nikachukua ya kushoto makusudi, maana mi natumia mkono wa kulia, kwahiyo wa kulia haubanduki kwenye gripu, wa kushoto unakoki, kichwa hakijanyanyuka hata kidogo. Ukichukua ya kulia umerudi kwenye SMG tu. Na nyuma kumezibwa kabisa kwahiyo moshi umepungua sana.

Ila sasa. Hii yangu mkono wa kukokia umefungwa kwa skrubu kwenye kariya ya bolti (kile chuma cha ndani kinachobeba bolti), unaenda na kurudi kila risasi. Siku ya pili renji, magazini ya tatu hivi, naona kitu kimeruka kwenye nyasi. Mkono huo! Risasi iko chemba, na nyuma hakuna pa kuvuta, nikatoa magazini, nikaweka sefti, mtutu nimeuelekeza kwenye tuta, nikamwita msimamizi, akaja na bisibisi nyembamba akaichomeka kwenye tundu la skrubu akavuta taratibu mpaka risasi ikadondoka. Aibu niliyoisikia we acha tu. Siku hizi natia gundi ya skrubu ile ya bluu na nakagua kila nikitoka, lakini waliotengeneza walishindwa nini kuitia wenyewe?

Zipo ambazo mkono wake hautembei ukifyatua, hizo hazikugongi kidole gumba wala haziparuzi gogo uliloegemea, bei tu ndo imesimama. Mimi hii inayotembea naipenda kwa sababu bolti isipofunga vizuri naisukuma kwa mkono, kama SMG. Jingine ni kwamba kariya ni yake peke yake, ikivunjika huokoti yoyote dukani, na ule mfereji wa ubavuni unakaribisha vumbi.

Kwahiyo ile ndefu ya kulalia chini na kuvizia nguruwe pori imebaki na ubavu wake na siirudishi. Ile fupi ya nyumbani nimeiacha na T yake, skopu haina, silali nayo chini, nibadilishe ili iweje? Mshkaji wangu mmoja bado ananisumbua niigeuze na yenyewe, nikamuuliza kariya ya akiba unanunua wewe? Akahamisha stori, tukaongelea nguruwe.