Asidi au kimeng'enya: nani alainishe PVC ya Nairobi?

Gambuti, mipira ya kumwagilia bustani na maganda ya nyaya za umeme hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC, na PVC tupu ni ngumu, tena huharibika ikipata joto. Kwa hiyo viwanda huchanganya humo mafuta ya soya yaliyogeuzwa kuwa epoksidi: palipokuwa na kifungo maradufu kati ya kaboni mbili hupachikwa atomu moja ya oksijeni, zikawa pembetatu. Pembetatu hizo hunasa asidi ya hidrokloriki inayotolewa na PVC ikipashwa moto, na mafuta yenyewe hulainisha plastiki. Mjadala ni kama zijengwe kwa asidi, kama ilivyo kawaida, au kwa kimeng'enya, yaani protini ya kiumbe hai inayoharakisha mmenyuko, kilichonatishwa kwenye chembe ngumu.

Njia ya asidi ina umri. Mwaka 1909 mwanakemia Nikolai Prilezhaev alionyesha kwamba asidi peroksi, yaani asidi iliyobeba oksijeni ya ziada, huiachia oksijeni hiyo kwenye kifungo maradufu. Viwandani asidi hiyo hutengenezwa ndani ya pipa lenyewe kwa hidrojeni peroksidi na asidi ya fomiki au ya asetiki, mara nyingi asidi ya salfuriki ikiwa kichocheo. Malighafi ni rahisi na mafundi wameizoea. Kasoro zake ni nzito, hata hivyo. Asidi kali huzifungua baadhi ya pembetatu zilezile ilizosaidia kuzijenga. Mmenyuko hutoa joto jingi, na usipodhibitiwa pipa linaweza kulipuka. Kisha hubaki maji machafu yenye asidi, na Mto Ngong, unaopita katikati ya Eneo la Viwanda, umeshabeba uchafu wa kutosha.

Kimeng'enya kinachotajwa zaidi ni lipasi B ya hamira Candida antarctica, iliyopatikana Antaktika. Kazi yake ya asili ni kukata mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba ikipewa asidi ya mafuta na hidrojeni peroksidi hutengeneza asidi peroksi bila asidi kali, kwa joto la nyuzi 40 hadi 50 hivi. Kimeng'enya hakikigusi kifungo maradufu hata kidogo. Kinamtengenezea Prilezhaev kifaa chake kwa upole, basi.

Kukinatisha ndiko kunakokifanya kiwe na maana kibiashara, na si jambo geni: Japani ilianza kutumia vimeng'enya vya namna hii viwandani mwaka 1969. Chembe zake ni nyeupe na ndogo mithili ya mbegu za mchicha. Mmenyuko ukiisha unachuja mafuta, chembe zinabaki, unazitumia tena. Zikiwa hivyo hustahimili joto na viyeyushi kuliko kimeng'enya kilicho huru.

Ila adui mkubwa hapa ni peroksidi yenyewe, na kunatisha hakumwondoi. Peroksidi ikimwagwa yote kwa pamoja, kimeng'enya hufa. Lazima idondoshwe kidogo kidogo. Kijiti cha sumaku cha kukorogea husaga chembe hadi zikawa vumbi lisilochujika. Isitoshe, katika aina inayouzwa sana kimeng'enya kimeshikilia tu juu ya chembe bila kufungwa kikemikali, hivyo huweza kubanduka. Nazo chembe si za bei rahisi.

Ndiyo maana ripoti inayojivunia kwamba asilimia 90 na zaidi ya vifungo maradufu viligeuzwa katika mkupuo wa kwanza, yaani mara ya kwanza chembe kutumika, hainitoshi. Gharama ya chembe hugawanywa kwa idadi ya mikupuo, na mkupuo wa kumi ndio unaoamua bei. Kwa kilainishi cha PVC kinachouzwa kwa tani, naona asidi bado inashinda, na aliye na kiwanda akitumie kipato chake kusafisha maji yake vizuri.

Kwa mafuta ya mukinduri nasema kinyume. Mti huu, Croton megalocarpus, umejaa Nairobi na nyanda za juu; mafuta ya mbegu zake hayaliwi, na sehemu kubwa ni asidi ya linoleiki, yenye vifungo maradufu viwili. Mzalishaji mdogo anayelenga gundi au rangi, ambako pembetatu isiyovunjika ndiyo mali, anaweza kubeba gharama ya kimeng'enya, na hana haja ya kukaa na madumu ya asidi ya salfuriki karibu na makazi ya watu.

Kuna wanaosema tuiachie mimea kazi yote. Vernonia galamensis, mmea wa Afrika Mashariki, hujitengenezea mafuta yenye epoksidi: zaidi ya asilimia 70 ni asidi ya vernoliki. Ni hoja nzuri, ila mbegu zake hupukutika kabla ya kuvunwa, na zikipondwa bila kupashwa moto kwanza, lipasi iliyomo ndani yake huyakatakata mafuta hayo.

Maabara zetu za kemia, katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kwingineko, zichukue mafuta ya mukinduri, ziyapitishe kwenye bomba lililojazwa chembe badala ya kuyakoroga, zidondoshe peroksidi taratibu, kisha zitangaze matokeo ya kila mkupuo hadi kimeng'enya kitakapochoka.